Sura ya Nne: Simba au Yanga, Usinizungushe

Mgeni akihamia Dar es Salaam, akapanga chumba Temeke au Mwananyamala, hamalizi wiki kabla hajaulizwa swali lisilo na mlango wa kutokea. Ataulizwa na muuza genge, ataulizwa na kondakta, ataulizwa na kinyozi aliyemshikia wembe shingoni: wewe Simba au Yanga? Akijibu kwamba hafuatilii mpira, ataambiwa hilo hakuulizwa. Akisema yeye ni Azam, watamwitikia kwa adabu, kisha swali litarudi palepale: Azam tumesikia, lakini Simba au Yanga, usinizungushe. Azam ilichukua ubingwa wa Bara msimu wa 2013/14 bila kupoteza mechi hata moja, na ina uwanja wake Chamazi, jambo ambalo watani wa Kariakoo, Simba na Yanga, wameliota kwa miongo. Haimsaidii. Mtu wa Tanga aliyelelewa na Coastal Union, mabingwa wa 1988, naye anadaiwa jibu la pili.

Basi anajibu. Hajui kikosi, hajui kocha, hajui nani anaongoza ligi. Anataja jina moja kwa sababu ya kwanza iliyomjia, na tangu hapo amesajiliwa. Jumatatu ijayo atapongezwa au atazomewa kwa mechi ambayo hakuiona.

Sura hii inamhusu huyo. Simzungumzii mwanachama mwenye kadi anayelala kwenye basi kuifuata timu Mbeya au Bukoba. Namzungumzia yule anayeukumbuka mpira siku ya watani tu, ambaye mechi ikianza anauliza wale wenye soksi nyeupe ni akina nani. Vijiweni anaitwa shabiki maandazi, na anachekwa kwa kuwa hana sababu ya maana ya kupenda anachopenda. Nataka kumtetea, au walau kuonyesha kwamba wanaomcheka wamesimama kwenye tope lilelile.

Waulize watu kwa upole, bila kubishana nao, wakwambie ilikuwaje. Mama anayekaanga vitumbua asubuhi atakwambia yeye ni Yanga kwa sababu kijani ni rangi ya shamba na shamba ni riziki. Fundi cherehani atakwambia yeye ni Simba kwa kuwa simba anamjua, lakini Yanga ni mnyama gani? Dereva wa bodaboda ni Yanga kwa sababu alipokuja mjini akiwa na begi moja, mwenyeji aliyempa godoro la kulalia alikuwa Yanga, na ingekuwa utovu wa shukrani kula ugali wa mtu huku unashangilia adui yake. Dada wa saluni ni Simba kwa sababu yule waliyeachana naye alikuwa Yanga. Yupo aliyechagua kwa kuwa jezi moja ilimkaa vizuri kuliko nyingine. Yupo aliyeambiwa na babu yake kwamba katika nyumba hii hakuna mtu wa upande ule, na kwa vile babu alikuwa mkali, mjadala ukaishia hapo.

Shabiki mkongwe akisikia haya anatikisa kichwa. Yeye, atakwambia, alichagua historia. Na historia ipo kweli. Yanga ilianzishwa 1935, ikaitwa Young Africans wakati Mwafrika wa Dar es Salaam hakuwa na sauti mahali pengi, na wanachama wake wengi baadaye walikuwa karibu na harakati za uhuru. Ndiyo maana mpaka leo inajiita timu ya Wananchi. Simba ilitokana na kundi lililojitenga, ikahesabu mwaka wake wa kuzaliwa 1936, ikapita majina kadhaa na kwa miaka mingi ikafahamika kama Sunderland, kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971, wakati majina ya kigeni yalipokuwa hayapendezi tena masikioni. Sasa angalia kichekesho: Sunderland ya Uingereza ndiyo iliyokuwa bingwa wa ligi ya kwao msimu ulioisha 1936. Mtu mwenye ulimi mkali angeweza kusema kwamba mmoja wa wakubwa wawili wa soka la Tanzania aliwahi kuvaa jina la bingwa wa ng'ambo kama kijana wa leo anavyovaa jezi ya Manchester City. Mimi sisemi. Mimi naangalia tu tarehe.

Lakini historia hiyo, huyo mkongwe aliisoma lini? Mbane kidogo. Utakuta alikuwa na miaka saba, kaka yake alikuwa Yanga, na habari za harakati za uhuru alizisikia akiwa kidato cha tatu, alipokuwa ameshavaa kijani na njano nusu ya maisha yake. Historia ilikuja kama wakili anavyokuja, tukio likiwa limekwisha kutendeka. Kazi yake ni kutetea.

Chukua kipigo cha 6-0 ambacho Simba iliipa Yanga tarehe 19 Julai 1977. Abdallah Kibadeni alifunga mabao matatu siku hiyo, na kila shabiki wa Simba anaweza kukusimulia. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi katikati ya miaka ya 1990. Nje ya wale waliokuwa uwanjani, kilichofika Kigoma, Songea na Musoma ilikuwa sauti ya Radio Tanzania na, baada ya muda, masimulizi ya wajomba. Watu walipenda timu ambayo hawakuwahi kuiona ikigusa mpira. Waliwapenda watangazaji, Ahmed Jongo na wenzake, waliompandisha winga kwa kasi ya maneno hadi msikilizaji akaruka kitini kwa krosi ambayo pengine ilikuwa ya kawaida tu. Wengi wa wanaojivunia sita zile leo walikuwa hawajazaliwa, kama ambavyo wengi wa Yanga wanaojibu kwa 5-0 ya mwaka 1968 hawakuwepo. Shabiki wa namna hiyo ana tofauti gani na mama wa vitumbua? Mama walau rangi ya kijani aliiona kwa macho yake.

Nchini Kenya swali halikuachiwa watu kwa mtindo huu. Gor Mahia, iliyoundwa 1968 na kupewa jina la mganga mashuhuri wa Kiluo, na AFC Leopards, iliyozaliwa 1964 ikiitwa Abaluhya United, zilikuwa na mashabiki kabla ya mpira kudunda. Leopards ilibadili jina 1980, serikali ilipotaka majina ya kikabila yaondoke michezoni. Jina likaondoka, mashabiki wakabaki walewale. Mechi yao inaitwa debi ya Mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoana kiasi cha kutosha, na ndani ya ndoa hizo watoto hugombaniwa kimyakimya na wajomba wa pande mbili. Ila Mkenya ambaye ukoo wake haukumkabidhi timu, mtu wa Nyeri au Machakos tuseme, mara nyingi huvuka bahari kwenda kutafuta ya kwake London au Manchester. Huko ndiko anakopata uhuru kamili wa kuchagua kipuuzi.

Turudi Kariakoo, maana kuna sababu moja niliyoipitia kwa haraka nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Dada wa saluni hakuchagua Simba. Alichagua kuwa upande usio wa yule bwana. Kitinda mimba ambaye kaka zake wote ni Yanga, akaenda Simba, hakuvutiwa na kiungo wala mshambuliaji. Aliona kwamba akiwa Yanga atakuwa wa tano, lakini akiwa Simba atakuwa na watu wanne wa kubishana nao kila mlo wa jioni. Wengi tunadhani tunachagua timu ya kupenda. Kwa jinsi ninavyowasikiliza watu, tunachagua mtani. Timu ni tiketi ya kuingilia kwenye ubishi huo, na ndiyo maana asiye na timu anasumbuliwa sana: hatuna namna ya kumtania. Tumempa kila nafasi ya kutukanwa kwa upendo naye anakataa.

Mwanasaikolojia Henri Tajfel aliligusa jambo hili Bristol, Uingereza, katika majaribio aliyoyachapisha 1970. Alichukua wavulana wa shule wa miaka 14 na 15, akawaonyesha picha za wachoraji wawili, Klee na Kandinsky, bila kuwaambia ipi ni ya nani. Kisha kila mmoja akaambiwa yuko kundi la Klee au la Kandinsky kulingana na alichopenda. Kwa kweli waligawanywa kwa bahati nasibu. Hawakuambiwa wenzao wa kundi ni akina nani, hawakuonana kama kundi, hawakuwa na ugomvi na yeyote. Wakapewa kazi ya kugawa pesa ndogo kwa wavulana wengine waliotambulishwa kwa namba na kundi tu. Waliwapendelea wa kwao, na hilo huenda ungelitabiri. La kushangaza ni kwamba palipokuwa na njia ya kuwapa wa kwao pesa nyingi zaidi, lakini na wale wengine wapate nyingi pia, wengi waliiacha. Walipendelea wa kwao wapate pungufu ili mradi pengo kati yao na wale liwe kubwa.

Nikisoma habari za wavulana wale naona wazi tu ni mashabiki wa Kariakoo. Machi 2024 Simba na Yanga zote zilikuwa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba dhidi ya Al Ahly ya Misri, Yanga dhidi ya Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Nchi yoyote ingefurahi. Hapa kwetu jezi nyekundu za Al Ahly zilianza kutafutwa na watu wa Yanga, na njano za Mamelodi zikatafutwa na watu wa Simba, mpaka Waziri wa Michezo wa wakati huo, Damas Ndumbaro, akaonya kwamba atakayekwenda uwanjani na jezi ya wageni awe na pasipoti ya nchi wanakotoka. Onyo lile lilitaniwa kote mitandaoni. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini limetolewa. Mtu aliyekuwa hajui hata Mamelodi iko mji gani alikuwa tayari amepata mchezaji anayempenda huko, na mapenzi yale yalidumu hadi Yanga ilipotolewa kwa penalti Pretoria. Asubuhi yake yalikwisha. Huo ndio ushabiki maandazi katika umbo lake safi, na uliofanywa na mashabiki wa kudumu kabisa.

Upande wa pili wa sarafu ni Mbwana Samatta. Januari 2020 alisajiliwa Aston Villa kutoka Genk ya Ubelgiji, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Kwa usiku mmoja nchi nzima ikawa Villa. Watu ambao hawakuwahi kuwaza Birmingham wakaanza kuhesabu pointi za kuepuka kushuka daraja. Samatta alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth, na Machi Mosi akafunga tena Wembley, kwa kichwa, kwenye fainali ya Kombe la Ligi ambayo Manchester City walishinda 2-1. Septemba akaenda Fenerbahçe ya Uturuki. Tafuta leo mtu wa Villa hapa mjini. Wapo, lakini utatembea. Wakenya waliipitia njia hiyo kabla yetu na Victor Wanyama, Southampton kuanzia 2013, kisha Tottenham.

Mashabiki hao walichekwa sana. Mimi nadhani walikuwa ndio watu pekee wenye akili timamu katika habari yote hii. Walikuwa na sababu: ndugu yetu anacheza pale. Sababu unaweza kuieleza kwa mtu yeyote, na akakubali kwamba ina mashiko. Na kwa kuwa ilikuwa sababu ya kweli, ilikuwa na mwisho. Ndugu yetu akaondoka, sababu ikaondoka naye, ushabiki ukakosa pa kusimama. Vivyo hivyo kwa anayependa timu kwa kuwa inacheza soka la kuvutia: kocha akibadilishwa, anabaki ameshika nini? Anayependa kwa sababu inashinda, ikifungwa mara nne ameshajibiwa.

Sasa mjaribu mama wa vitumbua. Mwambie Yanga imefungwa. Kijani bado ni rangi ya shamba. Mwambie kocha amefukuzwa, mfadhili amejitoa, nyota wamehamia Msimbazi, kwa Simba. Kijani ni kijani. Mjaribu dereva wa bodaboda: godoro lile alilalia, hakuna mechi itakayolifuta. Sababu ya kipuuzi haihusiani na mpira, kwa hiyo hakuna kinachotokea kwenye mpira kinachoweza kuikanusha. Ndiyo inayodumu miaka 40. Haji Manara alipoacha kuisemea Simba mwaka 2021 na kuhamia Yanga, nchi ilishtuka kuliko ambavyo ingeshtuka mwanasiasa akihama chama. Mwanasiasa tunaelewa anafuata nini. Ila huwezi kuhama rangi ya shamba, ndivyo tulivyodhani.

Kwenye timu za Uingereza upuuzi wetu una sura nyingine, sura ya umri. Nitajie mwaka wa kuzaliwa wa mtu wa hapa nami nitabahatisha timu yake, na mara nyingi nitapatia. Mchumi wa Marekani Seth Stephens-Davidowitz alilifanya hili kwa data mwaka 2014. Aliangalia mashabiki wa besiboli kwenye Facebook na kukuta kwamba wanaume hunaswa na timu iliyokuwa bingwa wao wakiwa na takribani miaka minane, kisha hawaachii. Timu ya New York Mets ilichukua ubingwa 1969 na 1986. Mashabiki wake wamejazana miongoni mwa waliozaliwa karibu na 1962 na 1978. Mtoto wa miaka minane halinganishi bajeti. Anaona watu wazima wanaruka, naye anaruka.

Kwetu dirisha lilifunguka mwishoni mwa miaka ya 1990, madishi ya setilaiti yalipoanza kuota juu ya baa na vibanda umiza vikaanza kutoza kiingilio kuonyesha mechi za Uingereza. Aliyekaa kwenye benchi la kibanda mwaka 1999 alikuta Manchester United wakibeba makombe matatu kwa msimu mmoja. Aliyekaa Oktoba ya mwaka huohuo alimwona Nwankwo Kanu akifunga matatu dhidi ya Chelsea ndani ya dakika za mwisho, Arsenal wakitoka nyuma kwa mawili na kushinda 3-2. Miaka michache baadaye Arsenal ilicheza ligi nzima ya 2003/04, mechi 38, bila kufungwa, na katika kikosi kile walikuwemo Kanu wa Nigeria, Lauren wa Kameruni na Kolo Touré wa Ivory Coast. Nani angekataa? Ulikuwa mchana wa Jumamosi, kibanda kimejaa moshi na jasho, na watu weusi wanatamba London. Baada yao Chelsea ikamleta Didier Drogba 2004 na Michael Essien 2005, na wadogo zetu wakavaa bluu.

Ukiitazama hiyo orodha unaweza kusema walichagua kwa akili, wakifuata Waafrika na wakifuata ushindi. Kwa siku ile, sawa. Lakini Kanu aliondoka Arsenal 2004, na kwa miaka 20 iliyofuata timu hiyo haikuchukua ubingwa wa ligi hata mara moja. Kwa mantiki ya Samatta, Afrika Mashariki ilipaswa kuhama Arsenal yote pamoja na viti vyake. Haikuhama. Waliteseka, wakatungiwa utani, wakaoa na kuzaa, wakawavalisha watoto jezi ileile. Rais Paul Kagame wa Rwanda, shabiki wa Arsenal asiyejificha, amewahi kulalamika hadharani kuhusu timu yake kama dereva wa teksi. Ni wazi sababu ya kwanza ilishakufa zamani na mahali pake pamekaa kitu kingine, watani. Kila mwenye Arsenal ana mwenye Man United wake mtaani, kaka, bosi, au shemeji, na uhusiano huo ndio asiotaka kuuvunja. Man United nao tangu kocha wao Alex Ferguson astaafu 2013 hawajaonja ubingwa, kwa hiyo ubishi umekuwa wa wagonjwa wawili wodini wanaobishana nani ana homa kali. Hakuna anayetaka kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Rangi nayo inastahili aya, kwa kuwa ndiyo inayotajwa na wengi. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Durham, Russell Hill na Robert Barton, waliandika 2005 kwamba kwenye Olimpiki ya Athens, katika ndondi, tekwondo na mieleka, ambako washindani hupewa nyekundu au bluu kwa kura, wenye nyekundu walishinda kama asilimia 55 ya mapambano. Mtu wa Simba, mvaa nyekundu, nikimweleza hili huniomba nimtumie kwenye simu. Namkumbusha kwamba Simba ilichukua ubingwa mara nne mfululizo kuanzia msimu wa 2017/18, kisha Yanga nayo ikachukua mara nne mfululizo kuanzia 2021/22, na muda wote huo hakuna aliyebadili rangi. Hapo ananiambia utafiti ulikuwa wa ndondi.

Mahali pekee nilipoona sababu ya kipuuzi ikitikiswa ni kwenye mkeka. Kubeti kumeleta jambo jipya mjini: mtu anayeshangilia kwa maslahi. Saa sita usiku kijana wa Tandika anaiombea timu ya daraja la pili la Norway isifungwe, kwa majina ambayo hawezi kuyatamka, kwa sababu ndiyo iliyobaki kwenye mkeka wake. Ni ushabiki wenye hesabu kabisa na unakufa refa anapopuliza. Mwaka 2017 kampuni moja ya kubeti, SportPesa, iliwadhamini Simba na Yanga kwa pamoja, jina moja likakaa kwenye vifua vya watani wote wawili, na hakuna aliyeona ajabu. Lakini subiri debi. Kuna mtu wa Simba ambaye anajua, kwa macho ya kawaida, kwamba safari hii Yanga ni bora, na odi ni nzuri. Anaweka Yanga? Wachache wanaweka, na wanajitetea kwamba ni bima: Simba akishinda nafurahi, akifungwa nalipwa. Hesabu hiyo haina kosa. Tatizo lake linaanza dakika ya kwanza. Yanga ikikosa bao la wazi mtu huyu hajui uso wake ufanye nini. Tarehe 5 Novemba 2023, Yanga ilipoishinda Simba 5-1, bila shaka walikuwepo watu wa Simba walioingiza pesa usiku ule. Sijawahi kukutana na hata mmoja aliyekubali.

Siku ile mitaa ilijaa watu walionyoosha vidole vitano. Walikuwemo watoto, wengi wao hawakujua kuotea ni nini. Mtoto aliyezaliwa 2015 alikuwa na miaka minane kamili, umri uleule wa watoto wa New York, na misimu minne aliyoanza kuelewa dunia yote ilimalizikia kwa kombe kwenda Jangwani, kwa Yanga. Kama hesabu za besiboli zinafanya kazi Kariakoo, basi kufika 2050 maofisini kutakuwa na kundi kubwa la watu wa miaka 35 wenye kijani na njano, na wote watakuwa na historia nzuri ya kueleza kwa nini. Simba inayo ya kujibu, ingawa ni ya machozi: Mei 2025 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikapoteza 2-0 Berkane na kutoka sare 1-1 Zanzibar. Usiidharau silaha hiyo. Watoto waliolia Novemba 1993, Simba ilipofungwa 2-0 na Stella ya Abidjan hapahapa Dar es Salaam kwenye fainali ya Kombe la CAF, sasa ni watu wazima wenye mvi, na hawajatoka. Kwa hiyo mjomba wa Simba mwenye mpwa wa miaka sita au saba bado ana nafasi. Ila jezi ainunue mwezi huu, asisubiri usajili wa dirisha dogo.